Sindano za Urembo: Tusichague Tusichokijua

Watu wa mwambao hawakuanza jana kujipamba. Tangu enzi za mababu, bibi harusi wa Pangani, wa Unguja na wa Pemba amekuwa akisuguliwa singo, akipakwa liwa na manjano, akitiwa hina mikononi na miguuni na kufukizwa udi, chini ya uangalizi wa somo wake. Hatuna ugomvi na mila hiyo. Ni sehemu ya utu wetu, na vitu vyake vyote hukaa juu ya ngozi. Asubuhi ya pili maji huviondoa, na hina nayo hufifia baada ya wiki chache.

Lakini siku hizi limeingia jambo ambalo somo hakufundishwa wala hana la kulisemea. Kwa njia ya simu za mkononi, wasichana, kina mama na hata wanaume wanaelezwa kwamba zipo sindano za kujaza ngozi: za kufuta makunyanzi, za kunenepesha midomo, za kujaza mashavu yaliyobonyea na za kukuza makalio. Matangazo yanawafikia wakazi wa Mkwaja kama yanavyowafikia wakazi wa Dar es Salaam. Na swali linaloulizwa ni moja tu: katika sindano hizo, ipi iliyo bora?

Kwa maoni yetu swali hilo limewahi mno. Linalotangulia ni kujua kitu gani hasa kimo ndani ya bomba la sindano, na kama kikileta madhara kinaweza kuondolewa. Mtu asiyejua majibu ya mambo hayo mawili hajachagua chochote. Amechaguliwa na mwuzaji.

Tuanze na yale yanayojulikana. Vitu vinavyotumika kujaza ngozi vinaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile vinavyoyeyuka na kumalizika. Mashuhuri kati yake ni asidi ya hayaluroniki, ambayo mwili wenyewe huitengeneza katika ngozi, katika viungo na machoni, na ambayo kazi yake ni kushika maji. Ile inayotengenezwa viwandani kwa ajili ya sindano iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2003. Hudumu kwa kadiri ya miezi 6 hadi 18, kisha mwili huimaliza. Tena kipo kimeng'enya ambacho daktari akikichoma mahali pale pale, asidi hiyo huyeyuka kabla ya muda wake. Hiyo ndiyo tunayoiita njia ya kurudi. Kabla yake ilitumika zaidi kolajeni ya ng'ombe, iliyoidhinishwa huko huko mwaka 1981, ambayo ilimlazimu mtu apimwe kwanza kama mwili wake hauikatai.

Fungu la pili ni vile vinavyokaa zaidi. Humo zimo chembe za madini ya kalisi, yanayofanana na yale yaliyomo katika mifupa yetu, ambazo hudumu kiasi cha mwaka mmoja au zaidi. Imo pia asidi ya polilaktiki, ya jamii moja na nyuzi za kushonea majeraha zinazoyeyuka zenyewe. Hiyo huuchochea mwili utengeneze kolajeni yake, na matokeo yake huweza kuonekana kwa miaka 2. Vitu hivyo navyo hupungua mwishoni, lakini havina kimeng'enya cha kuviyeyusha daktari atakapotaka.

Fungu la tatu ni vile visivyoondoka. Zimo chembe ndogo za plastiki, ambazo hukaa mwilini daima, na imo silikoni ya majimaji. Hii ya mwisho ndiyo tunayoiogopa kupita zote, kwa sababu ni rahisi kupatikana na ndiyo inayopendwa na wachomaji wa vichochoroni. Mwezi Novemba 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wa nchi hiyo dhidi ya kuchomwa silikoni ili kukuza makalio au matiti, ikieleza kwamba huweza kusafiri ndani ya mishipa ya damu, ikaiziba, na kuleta kiharusi au kifo. Mamlaka hiyo haijaidhinisha kitu chochote cha kujaza kwa sindano kwa ajili ya kukuza makalio. Kwa hiyo mwuzaji anayewaambia dada zetu kwamba sindano yake ya makalio imekubaliwa Marekani anasema uongo.

Wala si mara ya kwanza dunia kupita njia hii. Mwishoni mwa karne ya 19, huko Vienna, daktari Robert Gersuny alianza kuchoma mafuta mazito ya aina ya vaselini ili kujaza sehemu za mwili zilizopungua. Mtindo huo ukaenea kwa haraka, na watu wakafurahia sura zao. Baada ya miaka kupita yakatokea mavimbe magumu na vidonda, na mafuta hayakuweza kutolewa bila kukata nyama yenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wapo watakaosema kwamba jawabu ni kuharimisha jambo lote kwa neno moja. Sisi hatufiki huko, na dini yetu haikutufunza haraka ya namna hiyo. Tuliopita chuoni tulisomeshwa habari za sahaba Arfaja bin Asad, aliyepoteza pua yake katika vita vya Kulab. Alijitengenezea pua ya fedha, nayo ikatoa harufu mbaya. Ndipo Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwamuru atengeneze ya dhahabu. Katika kisa hicho mna mafunzo mawili. La kwanza, kuziba pengo lililoletwa na jeraha au maradhi si sawa na kuchezea umbo lililo salama, na wanavyuoni wamelitofautisha hilo kwa muda mrefu. La pili, hata pale ambapo jambo ni halali, kitu kinachotiwa mwilini ni lazima kitazamwe: fedha iliharibika, dhahabu haikuharibika.

Mfano wa Arfaja tunao miongoni mwetu. Katika miaka ya 2000, baadhi ya ndugu zetu waliotumia dawa za awali za kupunguza makali ya UKIMWI, hasa stavudini, walipungukiwa na mafuta ya usoni, mashavu yakabonyea, na majirani wakaanza kuwanyooshea vidole. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2009 kwamba dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua. Ni kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo asidi ya polilaktiki iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Mtu kama huyo akitaka kurudishiwa uso wake, nani miongoni mwetu atamcheka? Na nchi yetu haikosi wataalamu: mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma za upasuaji rekebishi kwa ajili ya maumbile. Anayetaka, na aende mahali penye daktari, penye kumbukumbu za maandishi na penye mtu wa kuulizwa kesho.

Hapa ndipo hali ya Mkwaja inapotulazimu kusema kwa ukali. Hatari kubwa ya sindano hizi, hata zile za fungu la kwanza, ni kuingia katika mshipa wa damu. Mshipa ukizibwa, nyama ya uso huanza kufa, na ukiwa ni ule unaokwenda machoni, mtu hupofuka. Tiba yake huhesabiwa kwa dakika na saa, haihesabiwi kwa siku. Sasa mtu aliyechomwa chumbani na rafiki yake hapa Mkwaja atafika wapi kwa saa hizo? Hospitali ya wilaya iko Pangani mjini, ng'ambo ya mto. Hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, iko Tanga, mbali zaidi. Na mgonjwa wa kisiwani aliyechomwa katika kijiji kisicho na daktari ana bahari au mwendo mrefu mbele yake. Mjini, sindano mbaya ni msiba. Kwetu ni msiba usio na mlango wa kutokea.

Tunawakumbusha pia viongozi kwamba mwambao huu una milango mingi. Mkwaja, Kipumbwi na Saadani zinatazamana na Unguja, na vyombo vimekuwa vikivuka mkondo huo tangu kabla ya serikali zote tunazozijua. Katika milango hiyo zimo bandari bubu, na chupa ndogo ya dawa hufichika kwa urahisi kuliko gunia la sukari. Njia hizo ndizo huifaa biashara ya krimu za mkorogo, na zinaweza kuifaa biashara ya sindano.

Habari ya mkorogo na itufunze. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza juu ya wagonjwa wa figo waliowapima. Zaidi ya nusu walikiri kwamba walitumia krimu za kung'arisha ngozi, na mshukiwa alikuwa zebaki iliyomo ndani yake. Ilipita zaidi ya miaka 40 kabla Mkataba wa Minamata juu ya zebaki haujaanza kutumika, mwezi Agosti 2017. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo mwaka 2025. Madhara yalijulikana mapema, ila hatua zilichelewa, na muda wote huo figo za watu zilikuwa zikilipa.

Na Chama chetu kina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, nywele za bandia na krimu za kujichubua. Nia ilikuwa kulinda heshima ya Mwafrika, na nia hiyo tunaiheshimu mpaka leo. Lakini nguvu nyingi zilielekezwa kwa msichana aliyekuwa akipita barabarani, ilhali aliyeleta bidhaa na aliyeuza hawakuandamwa kwa kiasi hicho. Sketi zikarefushwa na kufupishwa tena kwa kadiri ya nyakati. Mkorogo haukwenda popote. Ndiyo maana tunasema, safari hii asikamatwe aliyechomwa. Huyo ni mgonjwa au anakaribia kuwa mgonjwa, na akiogopa kukamatwa hataonekana hospitali mpaka uso umeoza. Wa kuandamwa ni mwagizaji, mwuzaji na mchomaji asiye na cheti.

Kwa hiyo basi, tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wanaohusika.

Kwanza, mipaka ya kazi ifafanuliwe kwa maofisa wa ngazi za chini. Tanzania Bara, tangu Julai 2019, vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango, na dawa pamoja na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Zanzibar, Wakala wa Chakula na Dawa unavishughulikia vyote pamoja. Kitu kinachotobolewa ngozi ili kiingie mwilini hakiwezi kuachwa kipite kwa jina la kipodozi. Asitokee ofisa wa pwani ya Pangani akaiona chupa ya sindano ndani ya mashua na kusema kwamba jambo hilo ni la ofisi nyingine, huku mwenzake wa Mkokotoni naye akisema vivyo hivyo.

Pili, taasisi za pande mbili za mkondo zipashane habari. Chupa iliyokamatwa Unguja ijulikane Tanga kabla shehena ya pili haijafika, na iliyokamatwa Tanga ijulikane Unguja na Pemba.

Tatu, elimu ipelekwe kwa watu wanaosikilizwa na wanawake wenyewe: masomo na makungwi, walimu wa madrasa, wauguzi wa zahanati na viongozi wa Umoja wa Wanawake. Elimu hiyo isiwe ya matusi wala ya kuwacheka wanaotaka kupendeza. Wafundishwe kuuliza maneno machache tu: Hii inaitwaje, na jina lake limeandikwa wapi? Ni ya kuyeyuka au ya kudumu? Anayechoma amesomea nini, na amesajiliwa wapi? Anayo dawa ya kuiyeyusha hapo mkononi mwake? Likitokea baya usiku, nitamkuta wapi? Mwuzaji atakayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujibu.

Na kwa ndugu zetu wa visiwani na wa mwambao tunasema hivi. Mwenye haja ya kweli, inayotokana na jeraha au maradhi, asione haya kwenda hospitali. Mwenye hiari tu, akiwa ameazimia, na achague kile chenye njia ya kurudi, kwa mkono wa daktari, na kwa jina lililoandikwa. Ama asiyeweza kulipata hilo, liwa lingali linasagwa katika nyumba zetu, na halijamwacha bibi harusi hata mmoja njiani kuelekea Bombo.