Naliendele Ipate OPD, Si Ghorofa

Mkorosho wa Naliendele ukishikwa na ubwiri unga, wataalamu wapo hapo hapo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kimeijua mikorosho ya Kusini kwa miongo mingi na kinasifika hadi nje ya nchi. Mwenye mkorosho akishikwa na homa saa tatu usiku, anaanza kutafuta bodaboda ya kwenda mjini.

Hatusemi Mtwara haina hospitali. Ligula ipo, na Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Tumeshukuru. Ila mtoto anayechemka mwili hahitaji hospitali ya kanda. Anahitaji kupimwa na kuanza dozi karibu na kwao. Ndiyo maana tunasema fedha za ujenzi wa afya zitakazofuata katika Manispaa ya Mtwara Mikindani ziende kwenye jengo la wagonjwa wa nje (OPD), na Naliendele ikae mbele ya foleni.

Sababu kubwa ni malaria. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano wenye vimelea ni asilimia 20 hivi mkoani Mtwara, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Tabora tu ndiyo iliyotuzidi. Na malaria isiyo kali huanzia OPD na kuishia OPD: tone la damu kidoleni, jibu ndani ya dakika 20, dawa mseto asubuhi na jioni kwa siku tatu, mama na mwanawe wanarudi nyumbani. Kinachomfikisha mtoto kitandani, na wakati mwingine kwenye kuongezewa damu, ni kuchelewa. Kwanza panadol ya dukani. Halafu tusubiri kukuche. Halafu nauli. Akifika mjini, anakaa benchi moja na waliotoka Tandahimba na Nanyamba kwa barua za rufaa.

Kujenga kwa bei nafuu tunakujua. Vituo vya afya vilivyojengwa kwa tozo za miamala ya simu, kuanzia 2021, vilianza kwa shilingi milioni 250 kila kimoja: jengo la wagonjwa wa nje, maabara na kichomea taka, kazi ikifanywa na mafundi wa eneo husika. Naliendele haihitaji zaidi ya hapo kwa kuanzia, ukiongeza kibaraza kipana chenye upepo, ili anayekohoa asibanwe chumba kimoja na wajawazito, tangi la maji ya mvua, na sola ya kuendesha maabara na friji ya chanjo. Ndiyo, sola, katika mkoa unaotoa gesi ya Mnazi Bay. Umeme ukikatika, chanjo hazijali gesi inatoka wapi.

Tofali hazijawahi kuwa shida yetu kubwa. Shida ni dirisha la dawa. Mgonjwa anakuja na daftari lake la shule, anaandikiwa dawa nne, anapewa mbili, mbili akanunue nje. Bohari ya Dawa ina kanda yake hapa hapa Mtwara, kwa hiyo umbali si kisingizio. Shida nyingine ni watumishi. Mganga anayelala mjini hufunga mlango saa tisa na nusu alasiri, na homa za watoto hupanda usiku. Nyumba ya watumishi ianze kujengwa siku moja na OPD. Ikisubiri awamu ya pili, tunaijua awamu ya pili ya kwetu ilivyo.

Liko pia suala la fedha za wananchi wenyewe. Chini ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya watu sita ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na wengi hawakujiunga. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 haitafanikiwa huku kwetu ikidai mchango mwezi wa tatu, mvua zimekolea, malaria imepamba moto, na hela ya korosho imeshaishia kwenye bati, ada na madeni. Waandikishaji wakae kwenye vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) kati ya Oktoba na Desemba, malipo ya minada ya korosho yanapoingia. Mkulima atalipa akiwa nazo mkononi, mradi dawa aliyolipia aikute dirishani.

Waheshimiwa madiwani, mtakapokaa kupanga bajeti, wekeni mafungu matatu pamoja: jengo, nyumba ya watumishi, na dawa za miezi ya mvua. Likikosekana moja, msipitishe.