MTOTO APIMWE, LAKINI MIZANI TUIONE



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza habari za mishahara, viatu vya kazini na saa za ziada zisizolipwa. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya ripoti ya shule ya mtoto, kwa sababu nimeona ndani yake jambo ambalo sisi tunalijua vizuri sana kutoka kazini.

Mimi ni mtu wa Petta, huku Tororo. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1994, nikapata daraja la tatu, karo ikakosekana, nikashika panga. Watoto wangu wawili wanasoma katika nchi mbili. Kijana yuko kidato cha pili huku Uganda. Binti anakaa kwa dada yangu aliyeolewa upande wa Busia ya Kenya, naye yuko Gredi ya 7. Ninyi mnaoishi mpakani hamtashangaa. Shangazi akihitaji mkono nyumbani na shule ikiwa karibu, mtoto huenda.

Muhula uliopita binti alileta ripoti. Katika Sayansi Jumuishi, somo lililounganisha fizikia, kemia na bayolojia, aliandikiwa herufi mbili tu: AE. Nikamwuliza maana yake. Akasema ni "Kukaribia Matarajio". Nikamwuliza, matarajio ya nani? Akanyamaza. Nikamwuliza tena, ulikwama wapi hata usifike? Hakujua. Alichojua ni kwamba mwenzake wa dawati moja amepata ME, yaani "Kufikia Matarajio", na yeye hakupata.

Kwa wale ambao hawajaonana na ripoti hizi, nieleze kidogo. Tangu mtaala wa umilisi uingie katika sekondari msingi za Kenya mwezi wa Januari 2023, mtoto hapewi tena nafasi ya kwanza au ya themanini. Huwekwa katika moja ya ngazi nne: amezidi matarajio, ameyafikia, anayakaribia, au yuko mbali nayo. Katika mtihani wa Gredi ya 9, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, kila ngazi imekatwa mara mbili zikawa nane. Mwenye alama 90 na kuendelea yuko kileleni, na mwenye alama kati ya 21 na 40 ndiye anayeambiwa anakaribia. Tena msidhani kazi ya darasani ni mchezo. Asilimia 20 ya matokeo hayo hutoka katika kazi alizopimwa na mwalimu wake Gredi ya 7 na ya 8, asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na 60 zilizobaki ndizo za mtihani wenyewe. Kwa matokeo hayo watoto wa kwanza walipangiwa njia zao za Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, huyu sayansi, yule masomo ya jamii, mwingine sanaa na michezo.

Kwa hiyo zile herufi mbili zina uzito.

Zilinikumbusha shamba la chai nililofanya kibarua nikiwa kijana. Tuliambiwa tuchume majani mawili na chipukizi. Vizuri. Lakini jioni kwenye banda la mizani, karani aliweza kuingiza mkono kwenye kikapu chako, akatoa kiganja kimoja, akasema "majani makavu", akakata kilo tatu. Ukiuliza makavu kiasi gani, anaita mwingine. Mwenzako mwenye majani yale yale anapita. Tulipojipanga, dai letu la kwanza halikuwa nyongeza ya mshahara, ingawa wengi husimulia hivyo. Tulidai sampuli ya majani mazuri na sampuli ya majani mabaya zitundikwe pale bandani, na kanuni ya kukata kilo iandikwe ukutani, ili mtu ajue asubuhi atakachopimiwa jioni. Mwajiri alipinga kwa miezi, akakubali. Na niseme ukweli, tangu siku ile hata uchumaji wetu ulikuwa mzuri zaidi.

Basi nilikwenda kumwona mwalimu. Nilikwenda na hasira, nikarudi bila hasira, na hilo nitalieleza. Alinitolea karatasi yenye masanduku. Kumbe matarajio yameandikwa! Kazi ilikuwa kutenganisha michanganyiko: mchanga na chumvi, vyuma na udongo. Mtoto atarajiwa kufuata hatua kwa mpangilio, kutumia vifaa kwa usalama, kuandika aliyoyaona na kueleza sababu. Karatasi ni nzuri, sina neno nayo. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, imekaa ndani ya faili la mwalimu, na watoto hawakuionyeshwa kabla ya kazi. Nikauliza, huyu wangu alipungukiwa sanduku gani? Mwalimu akatazama, akasema, "Mzazi, hakuwa na vifaa."

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sekondari msingi ziliwekwa ndani ya shule za msingi, na shule nyingi za msingi hazikujengwa na maabara. Kwa hiyo watoto waliagizwa waje na vitu kutoka nyumbani: sumaku, karatasi ya kuchujia, chombo cha kioo. Dada yangu anauza samaki. Sumaku ataitoa wapi? Binti alikwenda na kipande cha kanga. Aliyekuja na vifaa alifanya hatua zote akafikia matarajio. Aliyekuja na kanga aliambiwa atazame wenzake. Sasa niambieni, ndugu, pale kilipimwa nini? Kama ni akili ya mtoto, sawa. Kama ni mfuko wa mzazi, basi iandikwe waziwazi kwenye ripoti kwamba ni mzazi ndiye anayekaribia matarajio.

Na kanga ile ilitosha kabisa! Mama yangu, Mungu amrehemu, alichoma maganda ya maharagwe, akatia majivu katika chungu kilichotobolewa chini, akaweka nyasi pale kwenye tundu, akamimina maji polepole. Yalitona maji ya rangi ya chai, naye akapikia mboga. Akitaka chumvi kavu aliyachemsha mpaka yakauke. Huko ni kuyeyusha, kuchuja na kuvukiza, hatua tatu za kazi ile ile. Nyumba nyingi za Budama na za Waluhya walifanya hivyo. Hakuna aliyempa gredi. Binti yangu ameyasikia haya tangu mdogo, na angeulizwa kwa njia hiyo angeeleza mpaka mwalimu achoke.

Msifikiri huku Uganda tuko salama. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na mtihani wake wa kwanza wa kidato cha nne ulifanywa mwaka 2024. Huku herufi ni A hadi E, na asilimia 20 hutoka katika kazi za darasani, 80 katika mtihani wa mwisho. Ripoti ya kijana wangu imejaa namba zenye nukta, moja nukta sita juu ya tatu, na sikuona neno hata moja la kumwambia afanye nini ili apate mbili. Mipaka ni miwili, ugonjwa ni mmoja.

Nilisema nilirudi bila hasira. Ni kwa sababu niliona mwalimu yule naye ni mfanyakazi kama sisi. Ana mikondo kadhaa, kila mtoto ana karatasi yake ya masanduku, na zote azijaze usiku. Tukumbuke kwamba walimu wanagenzi wa sekondari msingi za Kenya waligoma mwaka 2024 wakiwa wanapewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Huku kwetu mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi shilingi milioni 4 za Uganda, mwenzake wa masomo mengine akaachwa nyuma, nao wakagoma. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nawachongea walimu. Karani wa mizani pia alikuwa mtu mwenye njaa. Hatukumpiga, tulitaka kanuni itundikwe, na ilimlinda hata yeye asilaumiwe kila jioni.

Wapo wenzetu wanaosema turudishe mambo ya zamani, namba moja hadi ya mwisho, kama enzi za mtihani wa darasa la nane uliokwisha mwaka 2023. Mimi sikubaliani nao. Namba ya themanini haikuwahi kumwambia mtoto chochote isipokuwa kwamba yuko nyuma ya sabini na tisa. Kupima kwa matarajio ni wazo bora, mradi matarajio yenyewe yafahamike na vifaa viwepo. Mwajiri hawezi kukudai tani za miwa bila kukupa panga.

Katika mkutano wa tawi wa mwezi ujao, naomba kila mwanachama mwenye mtoto sekondari aje na ripoti yake. Tuchague watu watatu waende kwenye kamati za shule, upande huu na ule. Waombe karatasi ya matarajio ibandikwe ukutani darasani kabla ya kazi, ielezwe kwa wazazi kwa Kiswahili, Kidhopadhola au Kiteso, na kando ya kila herufi mwalimu aandike neno moja au mawili ya kosa. Vifaa tununue kwa pamoja kutoka mfuko wa tawi, sumaku tano na faneli tano, vikae shuleni, visiwe mali ya mtoto wa mtu.

Mwalimu yule hakuibadilisha gredi ya binti yangu, wala sikumwomba. Alichukua kalamu akaandika chini ya zile herufi: "Hakueleza kwa nini chumvi hupita kwenye kitambaa na mchanga hubaki." Binti alisoma, akacheka, akanieleza papo hapo.