Mbachao na Msala Upitao: Pikipiki Mpya na Spana ya Nani?

Wiki mbili zilizopita nilisimama kwenye kijiwe cha bodaboda pale Mlandizi, wilayani Kibaha, nikitafuta usafiri wa kwenda Mzenga na hatimaye Maneromango, upande wa Kisarawe. Miongoni mwa pikipiki zilizokuwapo, moja ilikuwa mpya kabisa, lakini hakuna aliyenielekeza kwayo. Kwa macho yangu haikutofautiana na nyingine: taa ileile, tangi lilelile, kiti kirefu kilekile kinachobeba abiria na gunia la mihogo. Tofauti ilikuwa ndani. Kabureta ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamewekwa injekta inayoongozwa na kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti.

“Mwalimu, hiyo panda kama unaishia Maili Moja,” aliniambia mkubwa wao. “Kama unaingia Kisarawe, panda hii tunayoifahamu.”

Nimekwisha kusikia kauli za namna hiyo zikitafsiriwa vibaya katika semina zetu. Tunasema vijana wa bodaboda hawataki mabadiliko, wamezoea ukale, wanahitaji kuelimishwa. Tunafunga daftari na kwenda kunywa chai. Wao wenyewe, ukiwauliza, watakujibu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Katika safari ile nilijifunza kwamba ukaidi wao una sehemu mbili zilizofungwa katika furushi moja. Ya kwanza inaua, na dola inapaswa kuikataa bila aibu. Ya pili ina haki, na dola hiyohiyo inapaswa kuiandika katika sheria.

Kwanza tukubali kwamba mgogoro huu haukuzaliwa Mlandizi. Mwaka 2008 kampuni ya Triumph ya Uingereza ilipoiwekea Bonneville mfumo wa injekta, ilihofia mno hasira ya wapenzi wa umbo la kale hata ikaufanya mfumo huo mpya ufanane kwa nje na kabureta. Huko India, Royal Enfield ilipoachana na injini yake ya chuma cha kusubu na kuleta injini ya kisasa, wazee wa Bullet walilalamika kwamba ule mdundo waliouzoea umetoweka, na gia iliyokuwa mguu wa kulia imehamia wa kushoto. Wale walikuwa wakiomboleza mlio na kumbukumbu. Sina haki ya kuwacheka, maana nami nimeitunza pikipiki aliyoiacha baba yangu, aliyekuwa bwana shamba, na kila Jumamosi naipiga kiki ili nisikie tu sauti yake. Lakini hayo ni mapenzi ya mtu mwenye mshahara. Kijana wa Mlandizi haombolezi mlio.

Anachokililia kina historia yake. Honda ilipoitoa CG125 mwaka 1976, wahandisi wake walichagua kwa makusudi injini ya mpangilio wa kizamani, inayofungua vali kwa fito, kwa sababu walijua itauzwa katika nchi ambako oili haibadilishwi kwa wakati na gereji iko mbali. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, na vizazi vyake vikafika kwetu. Ndiyo maana fundi aliyekaa chini ya mwembe wa Maneromango, mwenye spana nne na bisibisi moja, anaweza kuishusha injini asubuhi na kuirudisha barabarani kabla ya adhuhuri. Kabureta ikiziba, huifungua, huisafisha kwa petroli, hupuliza, hurudisha. Ujuzi huo hakuupata chuoni. Ni mali ya umma iliyokusanywa kijiweni kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuitia katika hesabu za taifa.

Injekta hupunguza matumizi ya mafuta na moshi. Hilo si la kubishaniwa. Lakini inategemea betri iliyo hai, sensa zinazosoma sawasawa, na mafuta safi. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia za Kisarawe si safi kila mara. Zaidi ya yote, inapogoma, fundi wa chini ya mwembe haoni kilichoharibika. Taa ndogo inawaka kwenye dashibodi, na maana ya taa hiyo inajulikana kwa mwenye mashine ya kuisoma, naye yuko Dar es Salaam.

Nilipanda ile “tunayoifahamu”. Kabla hatujaacha lami, kwenye mteremko wenye maji ya mvua, lori lilisimama ghafla mbele yetu. Dereva wangu alikanyaga breki ya nyuma, gurudumu likaganda, tukateleza upande na kusimama hatua chache kutoka kwenye bampa. Nilipomuuliza kwa nini hakutumia breki ya mbele, alinijibu kwa utulivu kwamba ameilegeza mwenyewe. “Ya mbele inapindua, mwalimu. Hata waliotufundisha walituambia.”

Hii ndiyo sehemu ya kwanza ya furushi. Breki ya mbele ndiyo inayobeba kazi kubwa zaidi ya kuisimamisha pikipiki, kwa kuwa uzito mwingi huhamia mbele mara unapofunga. Anayeilegeza amejinyima zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kusimama, halafu anambeba mama mwenye mtoto mgongoni. Kweli, ukiibana kwa pupa kwenye utelezi, gurudumu linaganda na kukuangusha. Hofu yao ina chanzo. Lakini dawa ya hofu hiyo imekwisha kupatikana. Ni mfumo wa ABS, unaozuia gurudumu lisigande, au ule ulio rahisi zaidi unaounganisha breki ya mbele na ya nyuma. Tangu Aprili 2019 India inataka kila pikipiki mpya iwe na mmojawapo, kulingana na ukubwa wa injini. Viwanda vinavyotuuzia sisi ni vilevile vinavyotii sheria hiyo kwao. Pikipiki nilizozikagua siku ile kijiweni hazikuwa na wowote.

Nakiri kwamba kwenye mchanga na kokoto ABS huweza kurefusha umbali wa kusimama, na njia nyingi za Kisarawe ni za namna hiyo. Lakini pikipiki ya Mzenga hufika pia Barabara ya Morogoro, katikati ya malori na mabasi. Hospitali ya Tumbi, pale Kibaha, imepokea majeruhi wa barabara hiyo kwa miaka mingi. Katika jambo hili mapokeo hayana hoja. Breki bora ziwe sharti la kuingiza na kuuza pikipiki nchini, na Shirika la Viwango lisisubiri kuombwa.

Sehemu ya pili niliipata wakati wa kurudi. Kijana mwenye ile pikipiki mpya alikuwa bado kijiweni, nikampanda yeye kuelekea Maili Moja. Ana stashahada ya ualimu na hajapata ajira. Pikipiki si yake bado. Yuko kwenye mkataba wa kupeleka shilingi 10,000 kila siku hadi deni liishe. Masika yaliyopita ilimzimikia ng’ambo ya Mzenga. Akaipakia kwenye lori la mkaa hadi mjini, akaambiwa sensa imekufa na ya kubadilisha haipo. Alisubiri siku kumi na moja. Hesabu ya mwenye pikipiki haikusubiri: shilingi 110,000 ziliongezwa kwenye deni, kabla ya bei ya sensa na nauli ya lori. “Kabureta ingenichukua nusu saa,” alisema. Hakusema kwa hasira, na utulivu huo ulinisumbua kuliko kama angepiga kelele.

Mtu huyu hapingi teknolojia. Anapinga kuhamishwa kwa spana kutoka mikononi mwa jirani yake kwenda kwa mtu asiyemjua, huku hasara yote ya uhamisho huo ikibaki kwake. Na suala hili litakuwa kubwa zaidi. Rwanda imekwisha kuacha, kuanzia Januari 2025, kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria jijini Kigali. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na treni ya umeme inapita Pugu, Soga na Ruvu. Pikipiki za umeme zitaongezeka, na ni vema ziongezeke. Lakini katika mifumo mingi ya kubadilishana betri, dereva hununua chombo tu. Betri hubaki mali ya kampuni. Tukinyamaza kuhusu sensa leo, kesho tutakuwa tumenyamaza kuhusu moyo mzima wa mashine.

Kuna njia, nayo si ndoto. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake namba 168 ya mwaka 2013, ulilazimisha ABS kwenye pikipiki kubwa kuanzia 2016. Kanuni hiyohiyo ikawalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje taarifa za matengenezo. Usalama na haki ya kutengeneza viliwekwa katika sheria moja. Sisi tumeviacha vyote viwili, kisha tunamlaumu bodaboda kwa ushamba.

Ninayoyapendekeza ni machache. Anayeingiza pikipiki ya injekta au ya umeme atoe mwongozo wa matengenezo kwa Kiswahili, auze mashine ya kusomea hitilafu kwa bei ambayo kundi la mafundi linaweza kuichangia, na athibitishe kuwa na spea kwa muda utakaotajwa na sheria. VETA iwafuate mafundi vijiweni kwa kozi fupi badala ya kungoja wafunge gereji na kwenda darasani. Na mikataba ya vyombo iwe na kifungu cha kusimamisha hesabu pale chombo kinapokwama kwa kukosa spea. Wanafunzi wangu wa sheria, hapo pana utafiti wenye faida kuliko kurudia mada za miaka yote. Watumishi wa umma mnaonisoma, rasimu ya kanuni haianzi Dodoma peke yake. Inaweza kuanzia kwenye benchi la kijiwe.

Tulipofika Maili Moja nilimwomba anionyeshe breki yake ya mbele. Ilikuwa imekazwa vizuri, inashika. Nilimuuliza kama, deni likiisha, atanunua nyingine ya aina hiyo. Alitazama taa ndogo ya dashibodi kabla ya kujibu.

“Nitanunua, mwalimu. Siku fundi wangu wa Mzenga atakapoweza kuifungua.”