Simu Kuukuu na Fedha za Alizeti

Likizo iliyopita baba mkubwa aliuza alizeti yake hapa Singida, akataka kutazama fedha zake benki kwa simu yake kuukuu. Ukurasa ukakataa kufunguka. Alikasirika, akasema benki yawadharau wakulima.

Mimi naona benki ilifanya haki. Habari ziendazo benki hufumbwa ili mwizi asizisome njiani, na sharti simu na benki zijue kanuni moja ya kufumba. Kanuni ya kale, TLS 1.0, ilitungwa mwaka 1999. Ilionekana ina kasoro, na mwaka 2021 wataalamu wa intaneti waliagiza isitumike tena. Kuipokea simu isiyojua kanuni mpya ni kuacha mlango wazi.

Lakini benki nayo ina deni. Onyo lilitokea kwa Kiingereza tu. Baba mkubwa hakulielewa, akawa tayari kumpa kijana wa dukani namba yake ya siri ili amfungulie kwa simu nyingine! Nilimzuia. Kufuli lina faida gani, ikiwa ufunguo wagawiwa?

Basi yafaa maonyo yaandikwe kwa Kiswahili. Nasi wanafunzi, tuendapo likizo, tuwaeleze wazee wetu. Asiyeambiwa sababu hutafuta njia ya panya.