Wachezaji wapungua, waliobaki wakamuliwa

Wilaya ya Bahi, iliyomegwa kutoka Dodoma Vijijini mwaka 2007, inajulikana kwa mpunga na kwa stesheni yake ya Reli ya Kati, wala haijulikani kwa michezo ya kompyuta. Hata hivyo, swali ambalo kwa zaidi ya miaka 20 limewasumbua wenye michezo ya maandishi huko Marekani na Uingereza, yaani mfanyabiashara afanye nini wateja wake wanapopungua, linamhusu pia mkulima wa Bahi mwenye simu ya kitochi. Linamhusu kwa sababu fedha zake za mavuno ziko ndani ya simu hiyo.

Mchezo wa maandishi hauna picha. Mchezaji husoma kwamba amefika mlangoni pa pango, naye huandika amri: fungua, ingia, piga. Mchezo uliofungua njia kwa watu wengi kucheza kwa pamoja ulibuniwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na wanafunzi wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Baadaye, nchini Marekani, biashara ilijengwa juu ya malipo ya saa. Kadiri mteja alivyokesha ndivyo mapato yalivyopanda. Hesabu hiyo iliyumba Desemba 1996, pale kampuni ya AOL, ambayo kupitia kwake wengi waliifikia michezo kama GemStone, ilipoanza kutoza ada moja kwa mwezi. Kisha ikaja michezo ya picha, Ultima Online mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999 na World of Warcraft mwaka 2004, na wachezaji wakahama kwa makundi.

Kilichofuata ndicho cha kuangaliwa kwa makini. Wenye michezo ya maandishi waliotaka kudumu walifungua mlango bure na kuanza kuuza vilivyomo ndani: silaha, nguvu, muda na heshima mbele ya wachezaji wenzao. Achaea, iliyoanza mwaka 1997, ni miongoni mwa waliotangulia katika njia hiyo. Torn ya London, iliyoanza mwaka 2004, ilifuata mkondo huo. Mafia Wars, iliyotamba ndani ya Facebook kuanzia mwaka 2008 hadi ilipofungwa mwaka 2016, iliongeza ujanja mwingine: nishati ya mchezaji huisha, naye huambiwa asubiri, aite marafiki, au alipe. Katika biashara ya namna hii, wachache wanaonunua sana ndio wanaobeba mapato, na wenye biashara wenyewe huwaita nyangumi. Wengine wakiondoka na nyangumi wakabaki, duka halifungwi.

Si haki kuiita biashara hiyo wizi. Mnunuzi wa upanga wa Achaea kwa kawaida ni mtu mzima mwenye kadi ya benki, anajua upanga huo ni maneno matupu, na anaununua kwa kuwa anaipenda hadithi.

Afrika ilijaribu jambo hilo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kabla ya Mxit ya Afrika Kusini kuwa programu ya gumzo, watengenezaji wake walikuwa na mchezo wa simu ulioitwa Alaya, uliochezwa kwa ujumbe mfupi. Ulishindwa kwa sababu bei ya meseji ilikuwa kubwa mno. Ndipo wakabuni njia ya kutuma maneno kwa intaneti, na Mxit ikazaliwa, ikiwa na michezo yake na sarafu yake ya ndani iliyoitwa Moola. Mwaka 2011 iliingia Kenya kwa kushirikiana na Safaricom, lakini WhatsApp ilikwisha kuanza kuwavuta vijana, na mwaka 2015 ikatangazwa kwamba biashara inafungwa.

Meseji iliyokuwa ghali mno kwa hadithi ilikuja kupata kazi nyingine baada ya M-Pesa kuanza, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Simu ikawa pochi. Mwaka 2017 zikaingia sokoni Tanzania bahati nasibu za simu kama Tatu Mzuka na Biko. Hapa mchezo wa maandishi umevuliwa kila kitu: hakuna pango, hakuna hadithi, hakuna mwenzako wa safari. Katika mchezo wa namba tatu, kila moja ikiwa kati ya 0 na 9, nafasi ya kupatia zote tatu kwa mpangilio wake ni moja kati ya 1,000. Mtu akiweka shilingi 500 mara nne kwa siku, kwa mwezi amelipa shilingi 60,000, nazo zimetoka kidogo kidogo kiasi kwamba hakuna siku aliyoona ametoa fedha nyingi.

Januari 2019 Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ilisimamisha matangazo ya michezo hiyo katika vyombo vya habari. Ilikuwa hatua ya maana, lakini tangazo la redio husikika nyumba nzima, na mama anaweza kumkemea baba papo hapo. Meseji ya kushawishi husomwa na mtu mmoja, kimya kimya, na humfuata yule yule aliyekwisha kucheza. Kwa mfanyabiashara ambaye wateja wake wanapungua, hakuna orodha yenye thamani kuliko hiyo. Kijana wa Dodoma mjini mwenye simu janja amekwisha kuhamia kwenye mikeka ya mpira na kile kindege cha Aviator, kilichobuniwa mwaka 2019. Mwenye kitochi amebaki na namba tatu, na pochi yake hujaa msimu wa mavuno tu.

Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini kitochi cha nyumbani hushikwa na watoto pia, na anayetambuliwa na mtandao ni mwenye laini.

Nyenzo za kuweka kikomo zipo. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uliofikia ukomo wake Januari 20, 2020, kila namba inapaswa kuwa na mtu anayejulikana kwa kitambulisho cha NIDA. Serikali imekwisha kuutumia usajili wa namna hiyo katika mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23, ambapo mkulima hutambuliwa kwa namba yake kabla ya kuuziwa mfuko. Kuzuia dau lisizidi kiasi fulani kwa mwezi kwa kila kitambulisho ni kazi ya aina hiyo hiyo. Anayetakiwa kuiagiza ni Bodi, chini ya Wizara ya Fedha, wizara ambayo kila mwaka husubiri kodi ya michezo hiyo.