Pikapu za mipakani: springi zimeongezwa, breki zimeachwa nyuma

Ukisimama Namanga, Holili, Tarakea au Rusumo kwa nusu saa tu, gari utakaloliona mara nyingi zaidi baada ya malori makubwa ni pikapu ya tani moja. Ndiyo inayovusha vitunguu, nyanya, maharage na viazi vya mfanyabiashara mdogo, na ndiyo inayorudi na bidhaa za viwandani. Kwa miaka zaidi ya ishirini sasa mjadala kuhusu gari hili umekuwa ni wa ushuru, vibali na foleni. Breki zake hazijadiliwi, ingawa ndizo zinazoamua kama mzigo utafika au hautafika.

Chanzo cha tatizo ni hesabu ya biashara yenyewe. Chini ya utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa imo kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na ina cheti rahisi cha uasili, hailipiwi ushuru wa forodha. Kikomo hicho ni cha thamani, si cha uzito. Kitunguu ni kizito na bei yake ni ndogo. Ili tani moja ya vitunguu ifikie dola 2,000, ingebidi kila kilo iuzwe dola 2, bei ambayo mkulima wa Mang'ola angeipokea kwa vigelegele. Kwa hiyo kabla mfanyabiashara hajakaribia kikomo cha forodha, pikapu imekwisha kujaa, na bado anaona nafasi ya gunia jingine, kisha jingine tena.

Hapo ndipo fundi wa springi anapoingia. Gari likianza kukaa chini kwa nyuma, anaongeza bamba mbili au tatu za springi kila upande, wakati mwingine anapandisha na matairi makubwa zaidi. Gari linanyooka, linapendeza, na mwenye gari anaamini kuwa sasa amenunua uwezo wa kubeba tani mbili. Alichonunua kwa kweli ni uwezo wa kusimama wima na tani mbili. Uwezo wa kusimamisha tani mbili ni kitu kingine, na huo hakuuongeza hata kidogo.

Jambo lenyewe ni baya zaidi ya hapo, na mafundi wengi wa pembezoni hawalielezi. Pikapu nyingi za Kijapani zilizojaa katika masoko yetu zina diski mbele na dramu nyuma, na kati ya chasisi na ekseli ya nyuma kuna valvu ndogo yenye fimbo. Kazi ya valvu hiyo ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chasisi iko juu, fimbo inaiambia valvu ipunguze nguvu ya breki za nyuma ili matairi yasifunge na gari kuserereka. Gari likibeba, chasisi inashuka kuelekea ekseli, na valvu inafungua nguvu zaidi kwenda nyuma kwa sababu sasa kuna uzito wa kuzuia.

Springi zikiongezwa, chasisi haishuki tena. Gari limebeba magunia ishirini lakini valvu inaona gari tupu. Breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo wakati zinapohitajika sana, na kazi yote inaangukia diski za mbele, ambazo hazikutengenezwa kwa uzito huo. Matairi makubwa nayo yanaongeza umbali kati ya ardhi na katikati ya gurudumu, hivyo breki ileile inalazimika kutumia nguvu zaidi kulizuia. Pikapu mpya zenye ABS ya magurudumu yote manne hugawa nguvu kwa kompyuta na nyingine hazina valvu hii kabisa, lakini hizo si nyingi miongoni mwa zinazopanga foleni Tarakea.

Mteremko ndio mahakama ya mambo haya. Pikapu iliyoundwa kubeba jumla ya tani 3 hivi, gari na mzigo pamoja, ikipakiwa hadi tani 4, kila inaposimama hutoa joto zaidi kwa theluthi moja. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, joto huongezeka kwa zaidi ya nusu. Tena kila mita 100 za wima ambazo gari linateremka, kama dereva anategemea breki peke yake, ni sawa na kulisimamisha kabisa mara nne kutoka kilomita 80. Mteremko wa mita 500 unakuwa sawa na kusimama mara ishirini mfululizo bila kupumzika. Vibao vya "tumia gia nzito" havikuwekwa kupamba barabara.

Joto hilo linakwenda wapi? Kwanza kwenye pedi na diski, kisha kwenye dramu, ambayo hupanuka na kukimbia laining, na mwisho kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 si chini ya 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani. Yakishazeeka kiwango kinachotarajiwa hushuka hadi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yakichemka, ndani ya mabomba panakuwa na mvuke, na mvuke unabonyea. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda hadi chini, na gari linaendelea na safari zake.

Kwamba haya si nadharia, barabara ya Arusha kwenda Namanga imeshuhudia. Tarehe 24 Februari 2024, eneo la Ngaramtoni, lori lililoripotiwa kupoteza breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Lilikuwa lori, si pikapu, na mjadala uliofuata ulikuwa wa malori. Vivyo hivyo kwa miteremko ya Mbeya kuelekea Tunduma, na kwa Salgaa nchini Kenya, ambako madereva wa malori walijulikana kwa kutoa gia ili kuokoa dizeli. Pikapu inapotumbukia korongoni ikiwa na watu wawili na vitunguu, habari haivuki wilaya.

Na sheria? Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaanzia kwenye magari ya tani 3.5. Kwa karatasi, pikapu ya tani moja iko chini ya hapo, hivyo kwa kawaida inapita pembeni ya mizani wakati lori linapima ekseli moja baada ya nyingine. Kuna mantiki yake, kwani sheria hiyo ilitungwa kulinda lami, na pikapu haibomoi lami. Lakini matokeo ni kwamba gari linalozidishiwa uzito kwa uwiano mkubwa kuliko lori lolote ndilo lisilopimwa.

Vituo vya pamoja vya mpakani, kama Holili na Taveta na Rusumo vilivyozinduliwa mwaka 2016 na Namanga mwaka 2018, vimepunguza muda wa karatasi. Havikuundwa kukagua magari, na kuvilaumu kwa hilo si haki. Ukaguzi ni wa kila nchi: Kenya magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, Rwanda polisi wana kituo cha ukaguzi chenye mashine, na kwingineko mara nyingi ni jicho la askari barabarani. Jicho haliwezi kuona mafuta ya breki yaliyozeeka, na si askari wengi watakaoinama kutazama fimbo ya valvu.

Soko la spea nalo lina lake. Pedi zinazouzwa Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi na Kisekka Kampala nyingi hupitia mikono ileile ya Dubai na China, na boksi moja linaweza kuvuka mipaka miwili kabla ya kufungwa kwenye gari. Kenya ina mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia chini ya sheria ya mwaka 2008, Tanzania kazi hiyo iko kwa Tume ya Ushindani. Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006 inayotaka alama ya ubora ya nchi moja itambuliwe na nyingine. Kwenye kaunta, hata hivyo, mnunuzi anaulizwa swali moja tu: ya bei gani?

Ipo alama inayoweza kumsaidia. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 90 inataka pedi mbadala ya gari dogo au pikapu ipimwe dhidi ya ile ya kiwandani, na utendaji wake usitofautiane nayo kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi iliyopita huwa na herufi E ndani ya duara, namba ya nchi iliyoidhinisha, na maandishi 90R. Alama inaweza kughushiwa kama kitu kingine chochote, lakini muuzaji asiyejua hata inakaa wapi ametoa jibu tayari.

Sasa kuna wanaosema dawa ni kubadilisha dramu za nyuma na kuweka diski. Mfano wanaoutoa ni Toyota yenyewe, iliyoweka diski nyuma kwenye Hilux Rogue ya soko la Australia mwaka 2022. Ni kweli diski hupoa haraka kuliko dramu. Lakini kile ni kiwanda, kilichopima masta silinda, breki ya mkono na mgawanyo wa nguvu kwa pamoja. Fundi akifunga diski za gari jingine nyuma bila kugusa valvu na masta silinda, anaweza kumrudishia mteja gari linalofunga nyuma kabla ya mbele kwenye lami yenye mvua. Fedha hizo zingefanya kazi zaidi mahali pengine.

Mahali hapo panajulikana na si pa kujivunia kijiweni. Mafuta ya DOT 4 mapya, yamwagwe yote ya zamani na upepo utolewe magurudumu yote manne, angalau kila miaka miwili. Diski zilizokonda zibadilishwe badala ya kuchongwa tena. Laining za nyuma zirekebishwe zifike karibu na dramu, kwani dereva akizoea pedali ya chini huacha kuiona kama ugonjwa. Mipira ya breki iliyopasuka itolewe. Na kama springi zimeongezwa, fimbo ya valvu irekebishwe kulingana na kimo kipya cha gari, kazi ya fundi anayejua anachofanya na anayelijaribu gari likiwa na mzigo na likiwa tupu. Baada ya yote hayo pikapu bado ni ya tani moja. Breki nzuri hazibadilishi maandishi ya kiwandani.

Upande wa bima, Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo, inamlipa mtu wa tatu aliyeumizwa nchi jirani. Haimlipi mwenye pikapu kwa gari lake wala kwa vitunguu vyake. Mwenye bima kubwa naye anaweza kuulizwa uzito uliokuwa garini siku ya ajali na nani aliongeza springi.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vimezoea kwenda kwa viongozi kudai kikomo cha dola 2,000 kipandishwe. Kikipandishwa, kwa mwenye vitunguu hakitabadilisha kitu, kwa kuwa hakifikii hata sasa. Madai yatakayomgusa ni mengine: mizani ndogo ya hiari kwenye maegesho ya mpakani, bila faini, ili dereva ajue amebeba nini kabla ya kuondoka, na ununuzi wa pedi kwa pamoja kutoka kwa wakala mmoja anayetoa risiti na anayeweza kurudishiwa mzigo ukibainika ni bandia. Yote mawili hayahitaji kikao cha mawaziri.