Tahadhari: Toba Iliyoondoka na Cherehani

Kama wiki hii kuna mtu amekuambia utubu, na hatua ya kwanza ya toba hiyo ni kuuza kitu chako na kumpelekea yeye fedha, usiuze. Ngoja walau hadi kesho. Soma maneno haya, kisha umtafute ndugu yako mmoja umweleze ulichoagizwa.

Ninaandika kwa haraka kwa sababu mabango yameshabandikwa kwenye nguzo za umeme mtaani kwetu, hapa Mwanza. Mkutano unaanza Jumatano, utachukua siku tano, na kichwa chake ni toba na kukata laana za ukoo. Mhubiri ni yule yule wa mwaka jana. Mwaka jana alipoondoka, jirani yangu alibaki hana cherehani.

Habari yake naieleza kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina. Alikuwa mweka hazina wa kikoba chake na akina mama wengine ishirini na wanne. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, lakini marejesho yanayopokelewa katikati ya wiki hubaki mkononi mwa mweka hazina mpaka siku ya kikao. Katika fedha hizo alikula shilingi 380,000. Alianza kidogo kidogo mtoto alipougua, akaendelea hata mtoto alipopona. Ikafika mahali hapati usingizi. Mtu akibisha hodi, moyo unamwenda mbio. Akikutana na wenzake sokoni, anageuza njia. Mama huyu alikuwa tayari kutubu kabla hajamsikia mhubiri yeyote; dhamiri ilikwisha kumshtaki, akawa anatafuta tu pa kwenda.

Jioni ya tatu ya mkutano alienda mbele, akapiga magoti, akaongozwa sala ya toba. Baadaye akaitwa pembeni, kwenye hema, akaeleza yote: kikoba, kiasi, hofu. Akajibiwa kwamba wizi ule haukuwa wake. Ilikuwa roho ya umaskini, imeingia katika ukoo kupitia bibi mzaa mama, na haitoki mpaka itolewe sadaka ya ukombozi, sadaka inayouma. Akaulizwa ana kitu gani anachokipenda. Akasema cherehani. Kesho yake asubuhi akaiuza kwa 250,000, jioni akazipeleka zote.

Hebu tulia hapo utazame kilichotendeka. Mtu aliyeiba fedha za wenzake aliambiwa hakuiba. Fedha ambazo zingepunguza deni zilikwenda kwa mtu asiyemdai hata senti. Na chombo ambacho angeshonea nguo mpaka amalize kulipa kikatoka ndani ya nyumba. Akina mama ishirini na wanne wakabaki na madai yao yale yale, na aliyewakosea akabaki bila kitu cha kuwarudishia.

Mimi siupingi wito wa toba. Niliokoka nikiwa na miaka kumi na tisa, na kama kuna neno ambalo nchi hii inalihitaji kuliko mengine ni hilo, tubuni. Ninalolia nalo ni kwamba neno hilo limechukuliwa na watu wanaolitumia kama ndoano, na aliyejeruhiwa na dhamiri yake ndiye anayeimeza upesi. Mtu mwenye kiburi hakamatwi huko. Anayekamatwa ni yule ambaye Mungu ameshaanza kusema naye.

Ukitaka kujua wito wa kweli unaelekea wapi, soma Luka sura ya tatu. Watu walimwendea Yohana Mbatizaji mtoni Yordani, wakamwuliza wafanye nini. Mwenye kanzu mbili akaambiwa ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wakaambiwa wasidai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari wakaambiwa waache kunyang'anya watu na kuwasingizia, watosheke na mshahara wao. Yohana mwenyewe alikuwa amevaa singa za ngamia, chakula chake nzige na asali ya mwitu, na katika majibu yote yale hakuna hata moja lililosema leteni kwangu. Kila mmoja alirudishwa kwa mtu aliyekuwa akimwumiza au akimwacha na uhitaji.

Zakayo ni vivyo hivyo. Alimkaribisha Yesu nyumbani, akasimama mbele ya watu, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Yesu alikuwa amekaa pale pale, ndani ya nyumba ya tajiri aliyelainika moyo. Mhubiri wa mikutano ya siku hizi angeshataja namba ya kupokelea sadaka. Yesu hakuomba fungu lolote. Na huko nyuma, katika kitabu cha Hesabu sura ya tano, sheria ilikuwa wazi: mtu akiungama dhambi aliyomtendea mwenzake, arudishe alichochukua chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake, ampe yule aliyemkosea. Kwa hesabu hiyo jirani yangu alikuwa anadaiwa 456,000. Kuna mahali pa kupeleka kila shilingi ya toba yake, na mahali hapo pana majina ishirini na manne.

Wazee wetu walilijua hili vizuri kuliko sisi. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930, katika hospitali ya wamisionari wa Kianglikana, na ambao mizizi yake ilianzia Kampala mwaka 1929 pale Simeoni Nsibambi alipokutana na daktari Joe Church, ulitambulikana kwa watu kurudisha vitu. Ng'ombe walioibwa walirudi. Madeni yaliyosahaulika yalilipwa. Watumishi waliokuwa wameiba walijitokeza na majembe, blanketi na vifaa vya kazi walivyokuwa wamevificha. Moto huo ulivuka ukaingia Bukoba, na bibi yangu aliupokea akiwa bado msichana. Alitusimulia jinsi alivyotembea karibu siku nzima kumpelekea shangazi yake kanga aliyokuwa ameichukua miaka miwili kabla. Shangazi alikuwa ameshasahau. Bibi hakuwa amesahau, na alituambia kwamba njiani kwenda alilia, njiani kurudi aliimba. Hakumtaja mhubiri aliyemwongoza. Sidhani hata alijua jina lake.

Sasa tazama upande wa pili, njia hii nyingine inapoishia ikiachwa iende mpaka mwisho. Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, kulikuwa na kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu, likiongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde. Wafuasi waliuza mashamba na nyumba, wakakabidhi fedha kwa viongozi, wakaambiwa wasizungumze ovyo, wengi wakawasiliana kwa ishara. Waliambiwa dunia itaisha mwaka 1999 utakapokwisha. Haikuisha, na baadhi wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao liliteketezwa watu wakiwa ndani, na baadaye mashimo yakafukuliwa katika nyumba za kundi hilo yakiwa na maiti zaidi. Waliokufa ni mamia.

Miaka ishirini na mitatu baadaye, Aprili 2023, polisi wa Kenya wakaanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Zaidi ya miili 400. Watu walikuwa wameuza walichokuwa nacho wakahamia porini na watoto wao, wakafunga kula mpaka kufa ili wamwone Yesu, na manusura walieleza kwamba watoto ndio walipangiwa kufa kwanza. Paul Mackenzie, aliyewaongoza, ameshtakiwa na anayakana mashtaka. Ninachotaka ukishike ni kwamba dalili zilionekana mapema. Aliwahi kufikishwa mahakamani kwa mafundisho ya kuwazuia watoto shule. Machi 2023, wiki chache tu kabla ya makaburi kufukuliwa, alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili akaachiwa kwa dhamana. Na kama vile hatukujifunza, mwaka 2025 miili mingine zaidi ya 30 ilifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti ile ile.

Utaniambia cherehani na Shakahola ni vitu mbalimbali. Ndiyo, umbali upo. Lakini barabara ni moja. Unaanza kwa kukubali kwamba mtu mwingine ndiye anayejua dhambi yako kuliko unavyoijua wewe. Unafuata kwa kumlipa yeye badala ya uliyemkosea. Kisha unaambiwa ndugu wanaouliza maswali wametumwa na shetani, na ukishawakata hao hakuna tena wa kukushika mkono. Kufunga ni jambo jema, watu wa Ninawi walifunga wakasamehewa. Ila Isaya sura ya 58 inakataa mfungo wa mtu anayekaa na njaa huku mfanyakazi wake anaonewa. Mfungo wa kumwua mtoto kwa njaa Biblia haiujui kabisa.

Na sisi wa makanisa makongwe tusikae pembeni tukatikisa vichwa. Nimekulia katika usharika ambapo binti aliyepata mimba kabla ya ndoa alisimamishwa mbele ya ibada nzima atubu ndipo arudi kundini. Nilikuwa na miaka kama kumi. Kijana aliyempa mimba alikuwa kwenye kwaya, sauti ya tatu, na Jumapili ile aliimba. Hakuna aliyemtaka arudishe chochote, wala kumlea mtoto. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba siku ile aliyeombwa toba ndiye aliyekuwa anadai.

Rwanda inaniuma zaidi. Nchi ile ile ya Gahini, ambako watu walilia wakirudishiana ng'ombe, Aprili 1994 iliona waumini wakichinjwa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyamata, na kati ya wauaji walikuwamo watu waliobatizwa. Kuna dhambi ambayo ilikaa kanisani miaka mingi bila kuguswa na mahubiri, chuki ya kabila kwa kabila, kwa sababu wengi walitubu ulevi na uzinzi wao wakaiacha hiyo. Baadaye, katika gacaca, mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji hayo na kufungwa rasmi Juni 2012, aliyetaka kukiri kwake kukubaliwe alitakiwa aeleze kwa ukamilifu: alimwua nani, pamoja na nani, na mwili uko wapi. Mwili uko wapi! Gacaca zilikuwa na kasoro zake, na wapo waliokiri ili wapunguziwe kifungo tu. Hata hivyo swali lile nalitamani katika kila mkutano wa toba ninaouona. Mama aliyesubiri miaka kumi kumzika mwanawe hakuhitaji mwuaji aanguke chini akitetemeka. Alihitaji aonyeshwe shimo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya Jumatano. Ukienda mkutanoni, nenda. Neno likikuchoma, lipokee, wala usilizime kwa kuniogopa mimi. Lakini ukiitwa pembeni ukaambiwa dhambi yako ni ya bibi yako, ondoka. Ukiambiwa uache dawa za presha, za sukari au za kufubaza virusi ili kuonyesha imani, ondoka na dawa zako. Ukiambiwa usimweleze mumeo au mkeo, jambo hilo mweleze usiku huo huo. Hati ya kiwanja isitoke kabatini. Mtoto asitolewe shule. Na ukisikia kuna familia imeuza vyote ikahamia mahali pasipo na zahanati wala jirani kwa ajili ya maombi, usingoje uhakika: nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda polisi, na wakikupuuza nenda tena, na uende na watu wengine.

Wachungaji, hamuwezi kunyamaza kwa kuwa yule naye anataja jina la Yesu. Jumapili hii, kabla hajafika, fundisheni Zakayo. Semeni waziwazi kwamba katika sharika zenu hakuna toba inayolipiwa, kisha mkae na watu wenye madeni mmoja mmoja, mwende nao kwa wanaowadai. Wengi wanajua wamemkosea nani. Wanachokosa ni mtu wa kwenda naye kubisha hodi.

Jirani yangu tulikwenda naye watu wawili, mimi na mama mchungaji. Ilikuwa siku ya kikao, sanduku liko katikati ya mkeka. Alisema kiasi chote bila kukipunguza, na alisema pia habari ya cherehani. Kulikuwa na makelele, wawili wakataka aitwe mjumbe, mmoja akalia kwa sababu fedha zake zilikuwa za ada. Hawakumkumbatia. Walimvua uweka hazina, wakaandika deni, wakakubaliana alete elfu kumi kila wiki. Mama mmoja mwenye cherehani mbili akamwazima ile ya zamani, ya kukanyaga kwa miguu, kwa sharti kwamba ashonee pale pale barazani kwake, aonekane.

Wiki ya kwanza alileta elfu saba. Katibu aliziandika kwenye daftari, elfu saba, akachora mstari chini yake. Jana nimepita pale barazani, anashona sare za shule, na bango la mkutano limebandikwa kwenye nguzo iliyo mbele yake kabisa. Ameniomba nije Jumatano jioni nikae naye mpaka vipaza sauti vizimwe. Nitakwenda.